Ukuta wa Chetambe: Kilichokulinda Jana Kinaweza Kukufungia Leo

Ukilelewa Bungoma, stori ya Chetambe unaijua. Wazungu walikuja na rashasha, wazee wetu walikuwa na mikuki na mishale, wakapigana kiume, wakashindwa. Kisha anayesimulia anatikisa kichwa na kuuliza, "Wewe ungefanya nini na mkuki mbele ya bunduki?" Kila mtu ananyamaza, stori inaishia hapo.

Mimi naona stori inakatwa mahali pabaya. Ukiimaliza hapo, funzo linabaki moja tu: tungekuwa na bunduki tungeshinda. Lakini bunduki walikuwa nazo, si nyingi, ila walikuwa nazo. Na kabla ya Chetambe walikuwa wameshapiga kikosi cha serikali na kukishinda. Kwa hivyo swali si mkuki na bunduki. Swali ni kwa nini watu waliojua kushinda walienda kupigania mahali ambapo wangeshindwa.

Soma pole pole, maana hii stori ya 1895 inatuhusu sana sisi tulioingia barabarani 2024.

Tuanze na ukuta wenyewe. Kabla Mzungu afike, huku kati ya Mlima Elgon na mto Nzoia watu waliishi kwenye vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo. Kwa Kibukusu kijiji cha namna hiyo ni lukoba, vikiwa vingi ni chingoba. Nje ya ukuta kulikuwa na handaki refu, mlango ulikuwa mwembamba, na usiku mifugo iliingizwa ndani pamoja na watu. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huku 1883, alivikuta vijiji hivyo vimesimama.

Zile kuta hazikujengwa kwa urembo. Wabukusu, Watachoni, Wateso, Wamaasai wa Uasin Gishu na jamii za Kikalenjin walikuwa wakivamiana, na kitu kikubwa kilichotafutwa ni ng'ombe. Fikiria mvamizi wa enzi hizo. Anakuja usiku, anataka mifugo, na lazima aondoke kabla majirani waamke na kumfuata. Hana chakula cha kukaa wiki nzima nje ya kijiji chako. Hana kitu cha kubomolea ukuta. Ukimchelewesha mpaka jua litoke, umemshinda. Kwa vita vya namna hiyo, lukoba ilikuwa akili kubwa. Ilifanya kazi kizazi baada ya kizazi, na ndiyo maana watu waliiamini.

Sasa aingie adui wa aina nyingine.

Katikati ya miaka ya 1890 Waingereza walikuwa wameweka kituo Mumias, nyumbani kwa Nabongo Mumia wa Wawanga, kwa sababu njia ya misafara ya kwenda Uganda ilipitia hapo. Mwaka 1895 kituo kilikuwa chini ya Charles William Hobley. Baadhi ya bunduki za serikali zilikuwa zimeishia mikononi mwa Wabukusu kupitia askari wa Kisudani waliotoroka. Hobley akadai zirudishwe. Wabukusu wakakataa. Kikosi kilichotumwa kuzifuata kilivamiwa njiani, na askari wengi hawakurudi.

Hapo nataka usimame kidogo. Huo ushindi ulipatikana wapi? Nje ya ukuta. Ulipatikana njiani, kwenye ardhi ambayo Wabukusu waliijua na askari hawakuijua, kwa kushtukiza, siku waliyoichagua wao. Mwingereza hakuwa amejipanga.

Hobley alifanya kitu ambacho mtu mwenye hasira hakifanyi. Alingoja. Hakukimbilia kulipiza kisasi na watu wachache aliokuwa nao. Aliomba jeshi kutoka Uganda, na mwezi wa Agosti 1895 akarudi na kikosi kikubwa chenye rashasha. Wakaanza na ngome ya Lumboka. Ilipoanguka, walionusurika wakakimbilia Chetambe, kile kilima kinachoutazama mji wa Webuye, ambapo kulikuwa na ngome ya Watachoni. Kilima kinabeba jina la mzee wao, Chetambe. Watachoni na Wabukusu wakajifungia humo pamoja, na wake zao, watoto wao na ng'ombe wao.

Kwa mvamizi wa zamani, hapo mchezo ungeisha. Kilima, handaki, ukuta, mlango mmoja. Lakini adui huyu alikuwa na chakula cha kukaa. Alikuwa na silaha ya kupenya ukuta. Na hakuja kuchukua ng'ombe aondoke, alikuja kukaa. Kila faida ya ukuta ikageuka kuwa hasara. Watu wote walikuwa mahali pamoja, kwa hivyo rashasha haikuhitaji kutafuta mtu. Mlango ulikuwa mwembamba, kwa hivyo kukimbia ilikuwa shida. Ukuta ulipoingiwa, waliokuwa ndani waliuawa kwa wingi, na mifugo ikachukuliwa na jeshi lililoshinda.

Siwalaumu hao wazee hata kidogo. Ukiwa na bibi, watoto na ng'ombe, na babu yako aliokolewa na ukuta huo huo, unakimbilia wapi? Unakimbilia pale unapopajua. Hilo ndilo jambo linalonitisha. Hawakushindwa kwa ujinga wala kwa uoga. Walishindwa kwa kutumia vizuri sana mbinu iliyokuwa imepitwa na wakati. Wafaransa walifanya vilevile 1940, wakiwa na vitabu vyote na majenerali wote: walijenga Mstari wa Maginot dhidi ya vita vilivyopita, Wajerumani wakapita kando, kwenye misitu ya Ardennes.

Linganisha na majirani zetu Wanandi. Wao pia walianza kugombana na Waingereza 1895, mwaka huo huo. Lakini hawakujifungia kwenye ngome moja. Walishambulia na kupotea milimani. Walikata nyaya za simu, wakaisumbua reli, wakawalazimisha Waingereza kutuma misafara ya kijeshi mmoja baada ya mwingine. Walidumu miaka kumi. Chetambe ilianguka ndani ya mwezi ule ule ambao Hobley alitoka Mumias. Na Wanandi walipovunjwa, haikuwa kwa rashasha peke yake: tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na Richard Meinertzhagen akamuua hapo hapo. Mbinu yao ya vita ilikuwa nzuri kuliko ukuta, lakini moyo wote wa vita ulikuwa umewekwa ndani ya mtu mmoja. Hiyo nayo ni aina ya ukuta. Ukijua mlango uko wapi, umemaliza.

Kuna kitu kingine ambacho stori ya mkuki na bunduki inakificha. Hebu hesabu Wazungu waliopanda kilima cha Chetambe. Walikuwa wachache mno. Jeshi lenyewe lilikuwa la Wasudani, Waganda, Wawanga na Wamaasai waliokuwa wakiishi karibu na Mumias. Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Wasudani walikuwa askari wa mshahara, masalia ya jeshi la Emin Pasha lililoletwa na Lugard. Waganda walikuwa wakiipanua nguvu ya Buganda kwa mgongo wa Mwingereza. Mumia alikuwa na ugomvi wa zamani na Wabukusu, na aliona rafiki mwenye bunduki ni rafiki mzuri.

Watu hupenda kumwita Mumia msaliti. Mimi nasita. Mwaka 1895 hakukuwa na kitu kinaitwa Kenya, na hata neno Luhya lilikuwa bado halijatumika kutuita sisi sote. Alicheza na karata alizokuwa nazo. Shida ni kwamba alitazama adui wa jana, akasahau kumtazama rafiki wa leo. Alipewa cheo, na 1909 akatambuliwa kuwa chifu mkuu. Ndugu yake Murunga akawekwa kuwatawala Wabukusu, jambo lililozaa uchungu wa miaka mingi. Lakini ufalme wake ukawa idara ya serikali ya mtu mwingine. Mumia alifariki 1949, na bendera ya Uingereza ilikuwa bado inapepea. Wale Wasudani nao? Mwaka 1897, miaka miwili tu baada ya Chetambe, waliasi kwa sababu ya mshahara duni na kutumwa vitani bila kupumzishwa. Waliotumika walichoka kutumika.

Sasa jiulize ni jirani gani aliyekuja kuwasaidia waliokuwa ndani ya ukuta. Kila lukoba ilikuwa imejilinda yenyewe kwa miaka mingi, na ukuta unaokuzuilia adui unakuzuilia pia rafiki. Tarehe 1 Machi 1896, miezi kama saba tu baada ya Chetambe, Menelik wa Ethiopia aliwapiga Waitaliano kule Adwa. Ndiyo, alikuwa na bunduki na mizinga. Lakini kabla ya bunduki alikuwa amewaleta pamoja watawala wa Tigray, Shewa, Gojjam na wengine, watu ambao baadhi yao walikuwa wamepigana naye. Mzungu alitafuta wa kuwagawanya, na safari hiyo hakuwapata wa kutosha.

Turudi kwetu. Mwezi wa Septemba 1947 watu kwa maelfu walipanda Chetambe tena. Aliyewaita ni Elijah Masinde, mtu wa Kimilili, aliyewahi kuichezea timu ya soka ya Kenya, aliyetoka kanisa la Kwekeri na kuanzisha Dini ya Msambwa. (Usimchanganye na Masinde Muliro, yule ambaye chuo kikuu cha Kakamega kina jina lake. Tutamfikia.) Masinde alikuwa ametoka tu hospitali ya Mathari, ambako serikali ilimfungia ikisema ana wazimu, kwa kosa la kuwaambia watu wasikubali kazi za kulazimishwa na kwamba Mzungu arudi kwao.

Angalia alichofanya. Hakujenga ukuta. Alichukua kilima cha kushindwa akakifanya mahali pa kuwaombea waliokufa. Alivuka hadi Trans Nzoia, ambako ardhi nzuri ilikuwa ya walowezi, wengine wao askari waliopewa mashamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waafrika waliishi humo kama vibarua. Kwa serikali hilo lilikuwa gumu. Unapiga wapi rashasha, kama ngome iko kwenye vichwa vya watu? Walipojaribu, huko Malakisi mwezi Februari 1948, polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu 11. Dini ikapigwa marufuku na haikuisha. Ilifika hadi kwa Wapokot, na 1950 kukatokea mapambano ya Kolloa.

Lakini Masinde naye alikuwa na mlango mmoja: yeye mwenyewe. Walimkamata 1948, wakampeleka Lamu, akakaa kizuizini zaidi ya miaka kumi. Uhuru ulipokuja, waliokaa mezani kugawana nchi ni waliokuwa na vyama, mawakili na orodha ya madai. Masinde alikuwa na watu na imani, hakuwa na kiti. Serikali ya Kenyatta nayo ikaipiga marufuku dini yake 1968. Alifariki 1987.

Sasa yule Masinde mwingine. Mwaka 1990, tarehe 7 Julai, Saba Saba ya kwanza. Wanaodai vyama vingi waliita mkutano Kamukunji. Serikali ya Moi ilijua mahali, ilijua siku, ilijua majina. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikamatwa siku tatu kabla. Mkutano ukapigwa, watu wakafa.

Mwaka uliofuata wazee walirudi na kitu tofauti. Sheria ya Kenya ilisema kundi la watu 10 au zaidi lazima liandikishwe, na kila mtu alijua serikali isingeliandikisha. Kwa hivyo Agosti 1991 wakatangaza FORD ikiwa na watu 6 tu: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz. Sita! Waluhya wawili, Mjaluo, Mkikuyu, Mkamba, na mtu wa Mombasa. Kwa hesabu ya sheria hawakuwa chama, kwa hesabu ya siasa walikuwa nchi nzima. Novemba wafadhili wakakutana Paris na kuzuia misaada. Desemba kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya kuwa ya chama kimoja, kikafutwa. Miezi minne.

Hao wazee hawakuacha barabara. Bado waliitisha mkutano Kamukunji Novemba 1991, na bado walikamatwa. Lakini barabara ilikuwa kidole kimoja, na mkono una vitano.

Haya, tuje kwetu sisi.

Juni 2024 tulishinda kwa sababu serikali ilikuwa imejenga ukuta dhidi ya adui wa zamani. Ilijua kupigana na vyama, na wazee wa chama wanaoweza kuitwa Ikulu kunywa chai. Sisi hatukuwa na chama wala mwenyekiti. Tulijipanga kwenye simu, tukaelezana Mswada wa Fedha kwa Kiswahili, Kibukusu, Kikalenjin na Sheng. Tarehe 25 vijana wakaingia Bungeni. Tarehe 26 Rais Ruto akasema hatautia saini mswada. Tulilipa kwa damu ya makumi ya vijana, lakini tulishinda, na tulishinda kama wale walioshtukiza kikosi njiani 1895.

Halafu serikali ikafanya kama Hobley. Ikangoja, ikajipanga. Julai ikawavunja mawaziri karibu wote, na kabla mwezi uishe ikawateua vigogo wa ODM kuingia kwenye baraza. Huo ni mchezo wa Mumias: tafuta jirani mwenye sababu zake. Baadaye vijana wakaanza kutekwa mmoja mmoja kwa sababu ya katuni na maneno ya mtandaoni.

Na sisi tukafanya nini? Tulirudi kwenye ukuta. Tarehe 25 Juni 2025, tarehe ile ile, mji ule ule, tukilenga jengo lile lile, na safari hii Bunge lilikuwa limezungushiwa seng'enge. Televisheni zikaamriwa zisionyeshe moja kwa moja. Tarehe 7 Julai 2025 barabara za kuingia katikati ya Nairobi zikafungwa kabla watu hawajatoka nyumbani. Walijua siku na njia, tulikuwa tumewaandikia kwenye bango. Watu wakafa tena, na mara hii hakuna mswada uliorudishwa.

Najua kuna msee atasema ninawatukana waliokufa. Hapana. Ni kwa sababu walikufa ndiyo nasema. Ukimheshimu aliyekufa Chetambe, humpeleki mtoto wake ajifungie Chetambe nyingine. Na sisemi barabara ni mbaya, maandamano ni haki ya kikatiba. Nasema kitu unachokifanya kila mwaka kwa tarehe ileile si shambulio tena. Ni sherehe, na adui amealikwa.

Kwa hivyo nina maswali matatu, na nayauliza kwa wasee wa Kitale na Bungoma kwanza, maana Nairobi wana kelele zao.

La kwanza: nani amesimama nyuma ya adui wako, na kwa nini? Mama mwenye duka pale Kitale, duka lake likivunjwa siku ya maandamano, hana muda wa kuuliza kama wahuni walilipwa. Anachojua ni kwamba tulikuja na duka likaenda. Wa bodaboda anapoteza mapato ya siku. Tusipowaleta hao upande wetu kabla ya siku yenyewe, mtu mwingine atawaleta upande wake.

La pili: mlango wako uko wapi? Kama kundi lenu linategemea mtu mmoja mwenye wafuasi wengi, akitekwa mmeisha. Lakini kukosa kichwa kabisa nako kunatufanya tukose kiti. Wale sita wa FORD walikuwa vichwa sita vya pande sita. Jifunzeni hapo.

La tatu: kuna mahali ambapo serikali haijajenga ukuta? Mimi naona papo. Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti vinajaa wazee na wasaidizi wa MCA, sisi hatupo. Mahakama imewahi kusimamisha sheria nyingi zilizopitishwa bila kutusikiliza. Na tarehe 10 Agosti 2027 kuna uchaguzi. Wadi moja ya Trans Nzoia au Bungoma inaweza kuamuliwa na kura chache kuliko wafuasi wa msee anayecheza ngoma TikTok. Kitambulisho hakipigi picha nzuri, najua. Lakini FORD nayo haikupiga picha nzuri, wazee sita na kipande cha karatasi.

Kundi lako la WhatsApp litaanza kupanga 25 Juni nyingine. Kabla hamjachapisha bango, mtu mmoja aulize hivi: hii mbinu tuliijenga dhidi ya adui gani, na ni yeye bado aliyesimama nje?